Yah: Maombi ya Kazi ya Kuandika Maneno ya Mlinzi

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni Kabula Lugodisha wa Mabatini,
kule juu mawe yanakoegemeana
kama wawili wanaodaiana.
Tangazo lenu nimelisoma mara nne,
mara ya mwisho kwa asilimia mbili za chaji,
umeme umekwenda zake tangu adhuhuri.
Mnatafuta mwandishi wa michezo ya kompyuta,
anayeanza,
mwenye uzoefu wa miaka mitatu.

Sikucheka. Nafanya kazi steshenari, njia ya kwenda Bugando,
nachapa barua za watu, mia tano ukurasa.
Husika na kichwa cha habari:
kidole changu cha shahada kinaijua gizani.
Wauguzi, madereva, fundi mabomba mmoja
aliyetaka neno hodari liingie mara mbili.
Hakuna aliyerudi kusema nimepata.
Anayerudi, hurudi kutoa kopi nyingine.

Uzoefu, basi.

Mwaka jana kijana wa Nyegezi, Budeba,
chumbani kwake feni tatu na kompyuta moja,
alikuwa anatengeneza mchezo:
mji wa mawe, ziwa limezibwa na magugu maji,
na getini mlinzi.
Mchezaji akija bila ufunguo, mlinzi amkatalie.
Akirudi, amkatalie tena, ila si kwa maneno yale yale,
maana ukisikia sentensi moja mara tatu
unajua ni mashine, unazima.
"Niandikie hapana thelathini," akasema.
"Herufi arobaini zisizidi. Kisanduku ni kidogo."

Thelathini! Nilimaliza chai haijapoa.

Bosi yuko safarini.
Acha barua kwenye lile boksi.
Rudi Jumatatu.
Sikusema Jumatatu ipi.
Nafasi ilikuwepo. Asubuhi.
Kwani wewe ni mtoto wa nani?
Aliyepata ndiye huyo anayetoka.

Sikubuni hata moja.
Miaka minne nimeyaokota milangoni,
kuanzia barabara ya Kenyatta hadi viwanda vya samaki Ilemela,
sikujua kumbe naweka akiba.

"Na akija na ufunguo?" Budeba akauliza.
"Mlinzi akifungua, anasema nini?"

Hapo nikakwama.
Siku tisa, mstari wa thelathini na moja.
Niliandika Karibu, nikafuta:
karibu imeandikwa hata kwenye milango iliyofungwa.
Niliandika Hongera,
ikanuka pilau la sherehe ya watu wengine.

Siku ya kumi mvua ilinikuta kwenye ngazi za mawe,
maji yanashuka na kandambili za watu,
nikajibanza kwenye geti la bati
la mama ambaye jina lake silijui mpaka leo.
Njia ya mkato kwenda kwetu inakatiza uani kwake.
Sijawahi kuthubutu.
Akachungulia, sufuria ya kukingia maji mkononi.
"Pita," akasema. "Mbwa amefungwa."

Nikamtumia Budeba vile vile. Herufi kumi na saba.
Akajibu: Mbwa gani? Kwenye mchezo hatuna mbwa.
Sikumjibu, nilikuwa na barua tatu za kuchapa
na wino mweusi umeisha.

Usiku wa pili simu ikalia mara mbili.
Ya kwanza pesa: elfu kumi na tano na mia tano,
mia tano kila mstari,
bei ile ile ya ukurasa.
Ya pili maneno mawili:
Tumeweka mbwa.

Viambatanisho: mistari thelathini na mmoja.
Cheti sina.
Jumatatu yoyote, nipo.